Mpangilio wa vipande vya silikoni na kapasita ndani ya kifungashio cha chipu: nianzie wapi?

Mwanagenzi_Chipu aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninasanifu kifungashio cha chipu kwa ajili ya tasnifu ya shahada ya uzamili, na nimekwama katika hatua ambayo vitabu nilivyo navyo vinaipita kwa aya moja tu, yaani kuamua kila kitu kikae wapi juu ya sabstreti, ule ubao mdogo wenye njia za shaba unaobeba vipande vyote. Kifungashio chenyewe ni cha milimita 27 kwa 27. Upande wake wa chini una gololi 676 za lehemu, zilizopangwa safu 26 kwa 26 kwa nafasi ya milimita 1 kutoka kitovu hadi kitovu, na sabstreti ni ya resini yenye matabaka 6 ya shaba. Ndani yake kuna vipande vitatu vya silikoni. Cha kwanza ni prosesa ya milimita 10 kwa 10, inayolazwa kifudifudi na kushikwa na vinundu vya lehemu. Viwili vilivyobaki ni kumbukumbu za milimita 6 kwa 9, zinazolazwa chali na kuunganishwa kwa nyaya nyembamba za dhahabu, na pedi zake zote ziko kwenye ukingo mmoja mrefu. Zaidi ya hapo kuna kapasita 22, kila moja ikiwa na ukubwa wa milimita 1 kwa 0.5. Mwishoni vyote vitamiminiwa resini na kufunikwa nayo.

Nilichofanya ni kufuata ile mistari iliyonyooka ambayo programu huichora kuonyesha pedi ipi inaungana na ipi. Milango ya kumbukumbu ya prosesa iko upande wa kaskazini na upande wa mashariki, kwa hiyo niliisogeza prosesa hadi kona ya kusini-magharibi, milimita 2 kutoka kwenye kingo za sabstreti, kumbukumbu moja nikaiweka kaskazini yake na nyingine mashariki, kila moja ikiwa milimita 1 tu kutoka kwenye prosesa na pedi zake zikiitazama. Mistari imetoka mifupi na haikatizani hata mahali pamoja. Kapasita nimezipanga kwenye kona ya kaskazini-mashariki iliyobaki wazi, na chache pembezoni. Msimamizi wangu aliutazama mchoro, akasema hakuna kiwanda kitakachokubali kuunganisha kitu cha namna hiyo, kisha akaniambia nikafikirie sababu mwenyewe.

Naomba kujua: je, prosesa ni lazima ikae katikati? Umbali kati ya kipande na kipande unaamuliwa na nini, ikiwa si urefu wa njia za shaba? Na kapasita zinapaswa kuwekwa kabla ya vipande vya silikoni au baada yake?

Fundi_Sabstreti alijibu:

Ndugu Mwanagenzi, kabla hatujafika kwenye umbali, naomba uhakikishe jambo moja ambalo likikosewa mpangilio wote unakuwa bure. Faili la mchoro wa silikoni, lile la GDSII, linaionyesha prosesa ikiwa imelala chali, kwa maana kwamba unaitazama kutoka upande wenye transista. Wewe unailaza kifudifudi. Ukiitazama sabstreti kutoka juu, kushoto kwa faili kunakuwa kulia kwa kifungashio, na kosa hilo haliwezi kurekebishwa kwa kuizungusha, kwa sababu kuzungusha na kugeuza ni vitu viwili tofauti. Fungua faili hilo kwa KLayout, ambayo ni programu ya bure, tafuta kona moja isiyofanana na nyingine, soma majina ya vinundu vitatu au vinne vilivyo hapo, kisha uvitafute kwenye mchoro wa kifungashio na uone kama viko upande vinapopaswa kuwa. Kumbukumbu zako zinalala chali, kwa hiyo hazigeuzwi. Kifungashio chenye vipande vya aina zote mbili ndicho hasa kinachowachanganya watu, kwa kuwa kimoja kinageuzwa na mwenzake anaachwa kama alivyo. Pamoja na hilo, kiulize kikundi kilichosanifu silikoni kama ule ukubwa wa milimita 10 kwa 10 unahesabu na ukanda unaobaki pembeni baada ya msumeno kukata kaki ya silikoni. Mara nyingi hauhesabu, na kipande kinachofika kiwandani kinakuwa kikubwa kidogo kuliko kilichochorwa.

Sasa nije kwenye mistari yako. Mistari ile inasema kweli, lakini inasema sehemu moja tu ya ukweli, na kwa bahati mbaya ni ile sehemu inayobadilika kwa urahisi zaidi. Njia ya shaba unaweza kuirefusha, kuipitisha tabaka jingine, au kubadilishana gololi mbili ili isikatize nyingine. Huwezi kuiambia gundi isitambae, wala silikoni itanuke sawasawa na resini. Kwa hiyo mimi huanza na vitu visivyobembelezeka, na mistari huiacha iwe mwamuzi wa mwisho pale ambapo sehemu mbili zote zinafaa.

Urefu unapokuwa sheria kwelikweli utaujua mapema, kwa sababu aina ya kiungo yenyewe inakuambia. Kiwango cha UCIe, kilichotangazwa mwaka 2022 kwa ajili ya kuunganisha vipande ndani ya kifungashio kimoja, kinaruhusu njia ya hadi milimita 25 kwenye sabstreti ya kawaida, lakini kwenye vifungashio vya hali ya juu vyenye vinundu vilivyosongamana kinaishia kwenye milimita 2. Mfano ninaoupenda ni prosesa za Intel za mwaka 2018 zilizojulikana kwa jina la Kaby Lake-G. Ndani ya kifungashio kimoja kulikuwa na prosesa ya Intel, kipande cha michoro cha AMD, na kumbukumbu ya HBM2, aina ya kumbukumbu yenye njia nyingi mno za data. Kipande cha michoro na kumbukumbu yake vilibanana kabisa, vikiunganishwa na daraja dogo la silikoni lililozikwa ndani ya sabstreti, kwa sababu mlango wa HBM2 una njia 1024 za data. Prosesa yenyewe ilikaa mbali, ikizungumza na kipande cha michoro kwa njia 8 za kawaida za PCIe kupitia sabstreti. Wasanifu waliusoma kila muunganiko peke yake na kuupa umbali unaoustahili. Kumbukumbu zako si HBM, na haziko katika hali ya kudai milimita 1.

Jaribu pia kuizungusha prosesa kwa nyuzi 90, 180 na 270 kabla ya kuisogeza popote. Katika EPYC ya kwanza, prosesa ya seva ya AMD ya mwaka 2017, vipande vinne vinavyofanana viliunganishwa kila kimoja na vingine vitatu. Kila kipande kilipewa milango minne ya kuungana na wenzake ingawa kilihitaji mitatu tu, ili kwamba, kulingana na kona kilipokaa na jinsi kilivyozungushwa, uchaguliwe ule mlango unaofanya njia za kwenye sabstreti zisisongamane. Walilipia eneo la silikoni ili wapate nafuu ya mpangilio. Wewe huna mlango wa ziada, lakini kuzungusha hakugharimu chochote.

Mtu_wa_Kiwandani alijibu:

Nimefanya kazi kwenye mstari wa kuunganisha chipu huko Penang, Malaysia, na nadhani naweza kueleza kile ambacho msimamizi wako alikiona. Ni ule ukanda wa milimita 1.

Prosesa inapolazwa kifudifudi, kunabaki uwazi mwembamba kati yake na sabstreti, tuseme maikromita 70, ambao ndio urefu wa vinundu vya lehemu baada ya kuyeyuka na kukaa. Uwazi huo haupaswi kubaki mtupu. Silikoni hutanuka kwa chini kidogo ya sehemu 3 katika milioni kwa kila nyuzi 1 ya joto, ilhali sabstreti ya resini hutanuka kwa karibu sehemu 17. Chukua kona ya prosesa yako, ambayo iko milimita 7.07 kutoka kitovu chake, zidisha kwa tofauti ya sehemu 14 katika milioni, kisha kwa badiliko la nyuzi 100 za Selsiasi: unapata takriban maikromita 10 ambazo kinundu cha konani kinavutwa upande, na urefu wake wote ni maikromita 70. Kikivutwa hivyo kila kifaa kinapowashwa na kuzimwa, kitapasuka. Ndiyo sababu tunajaza gundi chini ya prosesa, ili mzigo huo ugawanywe kwenye eneo lote badala ya kubebwa na vinundu peke yake.

Gundi hiyo humwagwa na sindano kandokando ya upande mmoja wa kipande, au pande mbili zinazokutana, kisha inavutwa ndani na uwazi wenyewe jinsi utambi unavyovuta mafuta ya taa. Hapo ndipo mpangilio wako unapokwama mara tatu kwa mkupuo mmoja. Kwanza, sindano na mstari wa gundi iliyomwagwa vinahitaji nafasi, na viwanda vingi huomba takriban milimita 2 hadi 3 upande wa sindano, na karibu milimita 1 pande nyingine kwa ajili ya mteremko wa gundi unaojitokeza nje ya kipande. Namba kamili ni ya kiwanda utakachokitumia, uiombe kwa maandishi. Wewe una milimita 2 upande wa kusini na wa magharibi, ambazo zinaishia kwenye ukingo wa sabstreti wenyewe, na milimita 1 upande wa kaskazini na wa mashariki. Sindano itapita wapi?

Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, umeweka vidole, yaani pedi nyembamba za sabstreti za kupokelea nyaya za dhahabu, ndani ya ukanda uleule ambao gundi itateremkia. Vidole hivyo ni vya shaba iliyopakwa nikeli na dhahabu, na waya haushiki juu ya uso wenye uchafu. Tazama utaratibu wa kazi: prosesa na kapasita hupitishwa pamoja kwenye tanuri ya kuyeyusha lehemu, mabaki ya dawa ya lehemu husafishwa, gundi humwagwa na kuokwa hadi igande, na baada ya hapo tu ndipo kumbukumbu hubandikwa na nyaya kufungwa. Kwa hiyo gundi inafika kabla ya waya. Hata pale mteremko wake unapoishia mbali na kidole, resini nyepesi iliyomo ndani yake hujitenga na kutambaa mbele zaidi kama utando usioonekana kwa urahisi. Tunasafisha kwa plazma kabla ya kufunga nyaya, lakini plazma si ruhusa ya kuchora vizuri kidogo na kutuachia sisi mengine. Kati ya ukingo wa prosesa na kidole cha kwanza, nisingekubali chini ya milimita 1.5 kwenye kazi ya namna hii.

Tatu, kumbukumbu nayo ina gundi yake ya kubandikia, ambayo hujitokeza pembeni inapokandamizwa. Vidole vilivyo karibu mno na kumbukumbu yenyewe vitafunikwa na hiyo. Acha waya utue mbali kidogo. Usiogope urefu wa waya wa milimita 2, ingawa ukumbuke kwamba kila milimita ya waya huongeza takriban nanohenri 1 ya indaktansi, yaani ule ukinzani dhidi ya mkondo unaobadilika ghafla, kwa hiyo usiufanye wa milimita 4 kwa sababu tu nafasi ipo. Resini ya kufunikia inapoingizwa kwa shinikizo huwa inaziinamisha nyaya zilizoikingamia, hivyo waulize kiwandani lango la resini liko upande gani, na kama una uhuru wa kuchagua, panga nyaya zielekee kule resini inakoelekea.

Kuhusu prosesa kukaa katikati: si lazima, ila konani ulikoiweka si kuzuri. Kifungashio kinapolehemiwa kwenye bodi ya sakiti, gololi zinazochoka mapema ni zile zilizo chini ya kingo na kona za silikoni, kwa sababu hapo sehemu ngumu isiyotanuka inakutana na sehemu inayotanuka. Gololi za kwenye kona za kifungashio nazo zina mzigo wake, kwa kuwa ziko mbali kuliko zote na kitovu. Wewe umeziweka kona mbili pamoja. Isogeze prosesa ndani, na gololi zitakazoangukia chini ya kona zake uzipe ardhi (njia ya kurudishia mkondo) au umeme ambao una gololi nyingine nyingi, si ishara ambayo ina gololi moja tu.

Umeme_Tulivu alijibu:

Waliotangulia wamesema vizuri. Mimi naongeza la kapasita, kwa sababu kuzitupa kwenye kona iliyobaki ni kosa ambalo halitaonekana kiwandani, litaonekana siku ya kupima.

Kapasita za ndani ya kifungashio zipo kwa ajili ya kuipa prosesa umeme pale mahitaji yake yanaporuka ghafla, kabla umeme wa kutoka kwenye bodi haujawahi kufika. Kinachoamua kama zitafaa ni indaktansi ya njia nzima, yaani kutoka kwenye kapasita, kupitia vitundu vya shaba vinavyounganisha tabaka na tabaka, na matabaka ya umeme, hadi kwenye vinundu vya prosesa, na kurudi kwa njia ya ardhi. Tuseme prosesa yako inaongeza mkondo kwa ampea 5 ndani ya nanosekunde 5. Indaktansi ya pikohenri 50 peke yake itaangusha milivolti 50. Ikiwa kiini chake, yaani sehemu inayofanya hesabu, kinatumia volti 0.8 na kinavumilia asilimia 5, umeruhusiwa milivolti 40. Umeshavuka.

Kapasita moja ya ukubwa ulioutaja, ikiwa imefungwa kwa vitundu vya kawaida, inaweza kuwa na karibu pikohenri 400. Ukiweka 8 sambamba unapata 50, ukiweka 20 unapata 20, ila hesabu hiyo ni ya kapasita zilizokaa karibu na prosesa, kila moja ikiwa na vitundu vyake. Zilizoko milimita 12 kutoka hapo, kwenye ile kona ya kaskazini-mashariki, zinaongeza indaktansi ya matabaka yote ya katikati, na nyingi zitakuwa zimeutumikia umeme wa bodi badala ya kuitumikia prosesa. Kwa hiyo kapasita haziwekwi baada ya vipande, bali pamoja navyo. Chukua ramani ya vinundu vya prosesa, upake rangi vinundu vya umeme wa kiini, vya umeme wa milango ya kumbukumbu, na vya ardhi. Rangi zitakuonyesha zenyewe upande gani wa prosesa una njaa ya kapasita zipi. Kisha zielekeze ili ncha ya umeme ya kapasita moja iwe jirani na ncha ya ardhi ya mwenzake, maana mikondo inayokwenda pande zinazopingana hupunguziana indaktansi.

Wengine huweka kapasita upande wa chini, chini kabisa ya prosesa, na kwa umeme huko ndiko mahali pazuri kuliko pote. Kwako itabidi uondoe gololi za katikati, kwa kuwa safu 26 kwa 26 haziachi nafasi hata moja, na kapasita lazima iwe fupi kuliko gololi baada ya gololi kuyeyuka na kushuka, la sivyo itagusa bodi. Kwa kazi ya tasnifu ningebaki upande wa juu.

Kipima_Joto alijibu:

Natofautiana kidogo na hofu iliyopo juu ya kutoka katikati. Prosesa za Ryzen za AMD za mwaka 2019, za kompyuta za mezani, zina kipande cha milango upande mmoja na vipande vya viini upande mwingine, na katika zile zenye kipande kimoja cha viini, sehemu ya pili imeachwa wazi. Chanzo kikuu cha joto kiko nje ya kitovu kabisa, na chipu hizo zimefanya kazi. Kweli zina kifuniko cha chuma kinachosambaza joto, na wewe huna, lakini msimamo wangu ni kwamba kutoka katikati kwa milimita 2 au 3 hakuhitaji kujitetea.

Naona pia watu wengi wanaambiwa waitenge kumbukumbu na prosesa kwa sababu ya joto, kwa kuwa DRAM, aina ya kumbukumbu ambayo data yake huandikwa upya kila mara ili isipotee, ikizidi nyuzi 85 huhitaji kuhuishwa hivyo mara mbili ya kawaida. Ni kweli inahitaji. Lakini ndani ya kifungashio kilichomiminiwa resini, ambayo ni kipitishi duni cha joto, njia kuu ya joto kwenda kwa jirani ni shaba iliyomo ndani ya sabstreti, na kwa njia hiyo milimita 2 za ziada hazitabadilisha mengi. Ukitaka kumbukumbu ipoe, ongeza vitundu vya kushusha joto chini ya prosesa hadi kwenye gololi za ardhi, ili joto liende kwenye bodi badala ya kuzunguka ndani.

Mwanagenzi_Chipu aliandika tena:

Nawashukuru sana, wakuu. Nilipofungua faili la GDSII nilikuta prosesa imegeuzwa ipasavyo, kwa hiyo hilo limepita. Ukubwa baada ya kukatwa bado nausubiri.

Nimeuchora mpangilio upya. Kutoka ukingo wa juu wa sabstreti kuna milimita 1.5 tupu, kisha kumbukumbu yenye kina cha milimita 6, kisha milimita 2 za waya na vidole vyake, kisha milimita 1.5 za kutenganisha vidole na prosesa, ndipo prosesa yenye milimita 10, na chini yake zinabaki milimita 6. Upande wa mashariki nimefanya vivyo hivyo. Prosesa sasa iko milimita 2.5 kusini na milimita 2.5 magharibi ya kitovu, na kona yake ya nje iko milimita 6 kutoka kwenye kingo badala ya 2. Sindano itapita upande wa magharibi, ambao nimeuachia milimita 3 bila kitu chochote. Vinundu vingi vya umeme wa kiini viko nusu ya kusini ya prosesa, kwa hiyo kapasita 14 zimepangwa safu mbili kusini, kuanzia milimita 1.2 kutoka kwenye ukingo wake. Nane zilizobaki ni za umeme wa milango ya kumbukumbu.

Yamebaki mambo mawili. Umbali kati ya prosesa na kila kumbukumbu umekua kutoka milimita 1 hadi 3.5, na ninahofia muda wa ishara, kwa kuwa kila njia inapitisha biti bilioni 3.2 kwa sekunde. Pia kona ya kaskazini-mashariki sasa ni tupu kabisa. Nimewahi kusoma kwamba watu huweka kipande bandia cha silikoni mahali kama hapo ili kusawazisha. Je, nifanye hivyo?

Fundi_Sabstreti alijibu:

Fanya hesabu na hofu itaondoka. Kwenye sabstreti ya aina yako ishara husafiri milimita 1 kwa takriban pikosekunde 6 hadi 7, kwa hiyo milimita 2.5 ulizoongeza ni kama pikosekunde 17. Biti moja kwa kasi uliyoitaja inachukua pikosekunde 312.5. Umeongeza karibu sehemu moja ya ishirini ya biti, tena umeiongeza kwa njia zote kwa pamoja, data na saa yake, na ucheleweshaji unaofanana hauwasumbui wapokeaji. Kinachokuhusu ni tofauti kati ya njia na njia ndani ya kundi moja la data, na hiyo utaisawazisha wakati wa kuchora njia. Unapopima urefu, jumlisha na waya wa dhahabu, kwa sababu nyaya za pembeni ya safu huwa zimelala kimshazari na ni ndefu kuliko za katikati. Programu nyingi huzihesabu ukiziambia zihesabu, na zisipoambiwa huishia kwenye kidole.

Zile kapasita 8 za milango usiziweke kwenye ukanda wa milimita 3.5 ulio kati ya prosesa na kumbukumbu, hata kama kuna mahali panapoonekana wazi. Ukanda huo ni wa vidole na gundi. Ziweke kwenye kona ya ndani, pale ambapo kona ya kaskazini-mashariki ya prosesa inatazama uwazi uliouacha. Hapo ziko karibu na milango yote miwili.

Mtu_wa_Kiwandani alijibu:

Vipande bandia vipo. Chipu ya A100 ya Nvidia ya mwaka 2020 ina nafasi 6 za kumbukumbu za HBM kuzunguka kipande kikuu, na 5 tu ndizo zinazofanya kazi. Ya sita haikuachwa wazi, imejazwa kwa ajili ya usawa wa kifungashio. Lakini kule kuna kipande kikubwa mno juu ya intaposa, yaani bamba la silikoni linalokaa kati ya vipande na sabstreti, na uso wa juu unapaswa kuwa tambarare ili kipoozi kikae. Kwako kona hiyo itajazwa resini, na kipande bandia kitaongeza hatua ya kubandika, gharama, na sehemu nyingine ya kuachana na resini unyevu ukiingia.

Shughulika badala yake na shaba. Linganisha tabaka la juu na la chini, la pili na la tano, la tatu na la nne, uone kama asilimia ya eneo lililofunikwa na shaba inakaribiana kwa kila jozi, hasa kwenye hiyo kona. Sabstreti yenye shaba nyingi juu na kidogo chini itapinda ndani ya tanuri bila kujali silikoni imekaa wapi. Kwenye kona tupu jaza shaba ya ardhi yenye matundu ya kupumulia, kisha utenge mahali pa alama ya kuiongozea kamera ya mashine ya kupachika. Alama kama hiyo iwe na mwenzake kwenye kona ya kusini-magharibi, na zisiwe kwenye umbali sawa kutoka kwenye kitovu, ili sabstreti ikiingizwa kinyume mashine ikatae kuanza.

Ukubwa wa prosesa baada ya kukatwa ukishaupata, pima tena ile milimita 1.2 ya kapasita za kusini kuanzia kwenye ukingo halisi. Ikishuka chini ya milimita 1, sogeza safu zote mbili nje. Nafasi unayo.